Mkate Uliobaki Mlangoni

"Wacha huo unga, Mama Hillary. Kaburu amekuja."

Phelista Nelima hakuuacha. Unga uliokwisha kutiwa hamira hauna subira na wageni. Aliukunja, akaupiga kwa kiganja, akaugeuza, nao ukatoa pumzi kidogo kama mtoto aliyeshiba. Chepkemoi, jirani yake muuza mboga, alisimama mlangoni akihema, fungu la sukuma wiki bado limebanwa kwapani.

"Kaburu gani? Makaburu waliisha Kitale kabla wewe hujaota meno."

"Huyu amebaki. Mzee mrefu, kofia pana namna hii, soksi zimefika magotini. Yuko pale kanisani na Pasta Kemboi. Ati anatafuta watu wa Bilha, aliyekuwa mpishi wa Fourie. Nikasema moyoni, Bilha si ni mamake huyu wetu wa mikate?"

Hapo ndipo mikono iliposimama ndani ya beseni.

"Ukamwambia?"

"Nimwambie wakati gani? Nimekuja mbio nikutangulie. Wako nyuma yangu, Pasta anamleta, wanakuja pole pole, goti la mzee si zuri. Jipake mafuta, bana."

Mwaka huo wa 2006 hapakuwa na mtu mtaani Tuwani asiyejua habari ya mkate wa kina Phelista, na kila mtu aliijua kivyake. Wauza mitumba walisema ndani mna dhahabu. Vijana wa bodaboda walisema mna kidole cha Kaburu, tena chenye pete. Mama mmoja wa maombi alishikilia kwamba humo zimefungiwa baraka za walowezi wote wa Trans-Nzoia, ndiyo maana mahindi yao yalikuwa marefu kuliko yetu. Phelista aliwaacha waseme. Watu wakija kusikia hadithi, hununua na mkate.

Lakini kule Myanga, upande wa Bungoma, alikozikwa mama yake, habari ile ilikuwa na namna moja tu na haikumchekesha mtu. Kule walisema Bilha alimwibia tajiri wake Mungu.

Ilivyokuwa kweli ni hivi.

Gideon Fourie alikuwa na shamba nje ya Kitale, lililotazama Mlima Elgon uso kwa uso. Alikuwa mzee wa kanisa la Makaburu, na tena mwenyekiti wa wakulima wao, mtu wa kutumwa Nairobi kwenda kugombana na Waingereza juu ya bei ya mahindi. Ukimwita Mwingereza, siku hiyo hukula kwake. Sala yake kabla ya chakula ilikuwa ndefu hata supu ikaota ngozi. Alikuwa na kiboko ukutani, na wachungaji wa ng'ombe walikijua. Alikuwa pia na machozi ya karibu: dume lake la kulimia lilipokufa alikaa kando yake mchana mzima, kofia mkononi, kama mtu aliyefiwa na mdogo wake.

Watu wake, alikuwa akisema, hawakuanzia Afrika Kusini. Walianzia Ufaransa, wakati mfalme wa huko alipopiga marufuku dini yao, askari wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta Biblia za kuchoma. Bibi mmoja wa ukoo wao aliichukua Biblia yake ndogo akaikandia ndani ya unga, akaitia tanuruni. Askari wakaingia, wakapekua, wakanusa, wakatoka. Biblia ile ikapanda meli mpaka Rasi, ncha ya Afrika Kusini, karne zikapita, ikapanda meli nyingine mpaka Mombasa, ikaja kwa reli hadi Nakuru na kwa magari ya ng'ombe hadi nyanda hizi. Mpaka ikafika jikoni kwa Bilha.

Maana kila mwaka, siku za ushirika mtakatifu, nyumba ya Fourie ilijaa. Phelista alikuwa mtoto, lakini siku hizo hazikumtoka. Magari na malori yalitoka Endebess, yalitoka Hoey's Bridge, yalitoka mpaka Eldoret. Mahema yalijaa uwanjani. Wanawake wa Kikaburu walivaa kofia nyeupe wakachekana kwa sauti, watoto wakafukuzana na bata, nyama ikachomwa tangu asubuhi, kinanda kikalia, na zaburi zao nzito zikateremka hadi zizini. Nyuma ya nyumba jikoni, wapishi kumi na zaidi walikuwa na kanisa lao la masufuria, na porojo za mashamba yote zilimwagwa hapo. Nani amefukuzwa, nani ameoa, bibi gani wa Kizungu haongei na dada yake. Phelista aliishi miji mingi baadaye, akazaa, akazika mume, lakini kelele tamu kama ile hakuisikia tena.

Jumamosi ya sikukuu hiyo, Fourie alimletea Bilha Biblia imefungwa kitambaa chenye mafuta ya nta. Bilha aliikandia ndani ya unga, akaoka kwa moto mdogo. Na hapo palikuwa na mwiko wao. Mpishi hakuupeleka mkate ule mezani. Aliuweka juu ya kigoda kwenye mlango wa jikoni, akaufunika kitambaa cheupe, akarudi ndani. Mzee wa kanisa mwenyewe alitoka kwa wageni wake, akaja mpaka mlangoni, akauchukua kwa mikono miwili. Mbele ya wote alisimulia habari ya bibi na askari, akauvunja, akaitoa Biblia. Mtu mwingine hauchukui. Mtu mwingine hauvunji.

Mwaka wa mwisho Fourie alikuwa ameuza shamba. Uhuru ulikuwa unakaribia, Wazungu wa Kongo walikuwa wamepita na magari yao yaliyotobolewa risasi, na Makaburu wakasema hapa hatukai. Aliamua Biblia isafiri kama yule bibi alivyoificha, ndani ya mkate. Bilha akaoka. Alfajiri ya kuondoka akauweka pale pale, juu ya kigoda, mlangoni, chini ya kitambaa cheupe. Akamngoja Bwana aje.

Naye Bwana, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na meza wala wageni, ila masanduku na kamba na watoto wanaolia, alidhani mkate umekwisha kufungwa na mikate mingine ya njiani.

Malori yakang'oka. Bilha alikimbia na mkate kifuani hadi barabara kuu, na Phelista nyuma yake, mpaka wakabaki na vumbi peke yake.

Na sasa mgeni aliinama kupita mlango wa Phelista. Pasta Kemboi alimshika mkono, akamketisha kwenye kreti ya soda.

"Mimi jina Kobus," mzee alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha shamba, cha amri na ng'ombe, kilichokaa bila kutumika tangu ujana. "Kobus Fourie. Wewe ile mtoto ya Bilha? Ile ya kukimbiza bata?"

"Ndimi. Na wewe ndiwe ulianguka kwenye birika la kuogeshea ng'ombe."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Chepkemoi, ambaye hakuna aliyemwalika, alikuwa amekwisha kumimina chai.

"Huyu si mtu mdogo," Pasta Kemboi alieleza. "Kule kwao ni mchungaji, amestaafu. Na tena aliwahi kukaa bungeni."

"Kumbe ni mheshimiwa," Chepkemoi akasema, akamwongezea sukari.

"Bunge la lini?" Phelista aliuliza.

Mzee alizungusha kofia magotini. "Ya zamani. Ya kubagua watu."

"Ukiwa upande gani?"

"Ile upande mbaya. Miaka mingi." Alikunywa chai yake, akauliza, "Bilha iko?"

"Alilala. Zamani."

"Pole. Pole sana." Kisha akasema kama mtu anayeweka mzigo chini asijue utavunjika au vipi. "Huko kwetu, watu nasema Bilha alichukua kitabu ya babu zetu. Mama yangu alisema hivyo mpaka kufa. Dada zangu nasema mpaka leo. Mimi hapana polisi. Mimi nataka kujua tu, kabla mimi pia nalala."

Mikate iliyokuwa ndani ya oveni ya makaa ilianza kutoa harufu ya kuungua, na hakuna aliyeinuka.

Kumbe neno lile halikuwa la Myanga peke yake. Lilikuwa limevuka mipaka yote hiyo, limeliwa mezani na watu asiowajua, miaka yote hii, pamoja na jina la mama yake.

"Kitabu hakikuchukuliwa," Phelista alisema. "Kiliokwa. Kiko ndani ya mkate, na mkate haujaguswa. Mama alisema mwenyewe atakuja kuuchukua. Uko Myanga, kwenye uchaga wake. Kesho njoo na macho yako."

Walipoondoka, Chepkemoi alizitoa zile trei, akaipindua mikate iliyoungua, akaikwangua kwa kisu.

"Mama Hillary, sitaki kukutisha. Wewe uliona akikitia humo ndani?"

Phelista alifikiri. Alikuwa nje, na bata.

"Sikuona."

"Na kama hamna kitu?"

Aliuchukua unga wa beseni akaanza kuukanda upya, ingawa ulikuwa umekwisha kukandwa.

Kosa alilofanya ni kumpigia simu Hillary, mwanawe auzaye simu za mkono mjini Bungoma. Ukimwambia Hillary ni sawa na kutangaza redioni. Pikapu ya Pasta Kemboi ilipoingia boma la Myanga siku ya pili, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye migomba. Viti vya kanisa vimeazimwa. Sellah, mke wa Wabwile, kaka yake Phelista, alikuwa amechinja kuku wasiohesabika na ana masufuria matatu motoni.

"Mulamwa, karibu," Sellah alimwita wifi yake kutoka jikoni, uso unang'aa moshi na furaha. "Umetuletea harusi ama matanga? Sema nijue chumvi ya kuweka."

"Weka ya kawaida."

Hillary alimvuta mama yake kando. "Mathe, skiza. Tusikimbilie kuvunja. Kuna daktari namjua, tuupeleke upigwe eksrei kwanza. Kama kuna kitu, tunavunja. Kama hakuna, tunasema ulianguka mtoni."

"Mkate upigwe eksrei? Unaumwa wapi?"

Waliosikia wakacheka. Asiyecheka alikuwa mzee Mukhisa, binamu ya marehemu baba yao, aliyekaa kiti cha mbele kabisa, mikono juu ya fimbo. Neno lile, mwizi wa Biblia, lilizaliwa kinywani mwake, siku Bilha aliporudi kutoka Kitale na nguo zake na mkate mmoja asiotaka kumgawia mtu. Alilisema kwenye mazishi ya Bilha pia, taratibu, kwa waliokaa naye.

"Leo tutaona," Mukhisa alisema. "Mimi macho yangu ni mazee lakini hii nitaona."

Wabwile alipanda kigoda jikoni, akashusha kutoka kwenye uchaga juu ya meko debe la bati lililokuwa jeusi kama sufuria. Ndani mlikuwa na majivu, na ndani ya majivu mkate. Ulikuwa umesinyaa, umekuwa rangi ya gogo lililoungua, mgumu, unanuka moshi wa miaka yote. Lakini ulikuwa mzima. Hapakuwa na ufa.

Watu waliokuwa mlangoni walisukumana wapate kuuona.

"Mpe basi," Wabwile alisema. "Mtu ametoka mbali."

"Simpi," Phelista akasema.

Aliupangusa majivu kwa kanga yake. Akamwomba Sellah kitambaa cheupe, akaletewa kile cha kufunikia meza ya wageni. Akavuta kigoda mpaka kizingitini, akauweka mkate, akaufunika. Kisha akaingia jikoni, akaketi karibu na moto, mgongo kwa mlango, kama alivyomwona mama yake akifanya mara nyingi.

Uani watu walitazamana. Kobus Fourie alikuwa amesimama kando ya kiti chake, kofia mkononi. Alimtazama Pasta Kemboi, naye Pasta akainua mabega.

"Ameuweka hapo wa nini?" mtu aliuliza.

"Amekasirika."

"Hapana. Anaringa."

"Mwambieni kuku wanaweza kuudonoa."

Phelista hakugeuka. Moto ulilia mbele yake. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na bado alikuwa msichana yule barabarani, nyuma ya malori. Kama huyu mzee hajui la kufanya, basi mama yake alingoja bure, na hata akiuvunja na kitabu kikaonekana, watu watasema tu kwamba mwizi hakupata nafasi ya kuuza.

"Baba," Kobus alisema ghafla kule nje. Sauti yake haikuwa ya kuongea na mtu. "Baba alivunja mkate huko kusini. Kanisa nzima iko hapo. Alivunja moja, hakuna. Alivunja ingine, hakuna. Alivunja yote. Mama alianza kulia, alisema mpishi, mpishi. Baba alisema neno moja tu. Siku hiyo, na siku ya kufa, ile ile. Sisi tulisema ni uzee."

"Alisema nini?" Wabwile aliuliza.

"Alisema, mimi sikwenda mlangoni."

Phelista alifumba macho.

Alisikia hatua za goti bovu zikivuka uwanja. Hazikuwa nyingi lakini zilichukua muda. Zikafika. Alisikia kitambaa kikiinuliwa.

Alipogeuka, mzee alikuwa ameubeba kwa mikono miwili.

Kuuvunja ikawa kazi nyingine. Alijaribu kwa mikono, haikuwezekana. Aliujaribu gotini, lile zuri. Wabwile akaleta panga, watu wakampigia kelele kwamba atakata neno la Mungu. Hillary akaulizia nyundo. Mwishowe Kobus alivuka kizingiti, akaingia jikoni kwenye moshi, akamwekea Phelista mapajani.

"Wewe mwenye jiko," alisema.

Phelista aliupindua. Kila mwokaji ana mahali anapofungia unga, na mama yake alifungia chini, kwa kidole gumba, mshono mwembamba kama wa nguo. Aliushikilia juu ya mvuke wa sufuria ya chai mpaka majivu yaliyobaki yakawa matope kwenye vidole vyake. Kisha akabonyeza. Mkate ulitoa mlio mkavu, ukaachana.

Kitambaa kilikuwa cha kahawia. Ndani yake Biblia ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka, ndogo kuliko kiganja cha mzee aliyeishika.

Habari ilipita mlangoni ikaenea uani, midomo kwa masikio. Iko. Ameiona. Iko. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, cha kwanza kikaitikiwa na cha pili.

"Kumbe si dhahabu," Hillary alisema, lakini taratibu.

Mzee Mukhisa alikuwa amekuja mpaka mlangoni na fimbo yake. Aliitazama Biblia, akautazama mkate uliogawanyika, akamtazama Phelista. Halafu akavua kofia, akaiweka mfukoni, na akabaki amesimama hapo, akiwazibia wengine mwanga.

"Tusomee basi, mchungaji," Pasta Kemboi alisema.

Kobus alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Akaanza kutabasamu.

"Hii Kifaransa. Mimi hapana jua. Baba pia hapana jua. Babu, hapana. Baba alishika hivi, alitazama hivi, halafu alisema zaburi kutoka kichwa."

"Miaka yote hiyo?" Sellah aliuliza. "Anajifanya anasoma?"

"Miaka yote."

Wanawake wa jikoni walicheka wakashikana mabega, na Phelista naye akacheka, machozi yakimtiririka ndani ya majivu ya mashavu, na mzee Kaburu akacheka pamoja nao, amekaa chini sakafuni sasa, mguu wa goti bovu umenyooka mbele yake kama gogo.

Kisha akanyoosha mkono, akaokota vipande vya mkate vilivyoanguka kwenye kanga ya Phelista. Mkate ule ulikuwa wa meza ya Wazungu. Bilha aliuoka mwaka baada ya mwaka, na hata mara moja chembe yake haikurudi jikoni. Mzee alikigeuza kipande kimoja, kana kwamba anatafuta ni wapi kinashikwa, akampa Phelista. Kingine akampa Sellah. Kingine Mukhisa, pale mlangoni. Vikapita mkono kwa mkono mpaka vikawa vidogo kama punje za mahindi, na bado watu wa uani walinyoosha mikono.

Phelista alikiuma chake. Jino likamwambia hapana.

"Utavunjika meno bure, dada," Wabwile alisema. "Weka kwa chai."

Sellah akapitisha vikombe. Nyumba nzima ikatia vipande vyake ndani ya chai, na porojo zikaanza upya kila upande. Phelista alikiinamia kikombe chake. Kipande kilikuwa kinaelea juu, cheusi, kigumu, mapovu madogo yakitoka pembeni moja baada ya jingine, na yeye akaendelea kukitazama, kijiko mkononi, akingoja kilainike.